Gari la zamani lisianzie kwa mpiga rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na vijana wa Kampala, Jinja na Mbarara wanaonunua magari ya zamani kwa nia ya kuyafufua. Nia hiyo ni njema, na nchi hii inawahitaji. Lakini kazi nyingi zinafia njiani, tena zinafia mahali pale pale: gari linavuliwa lote ndani ya wiki moja, bodi inapelekwa kupigwa rangi, na fedha zinakwisha kabla injini haijaguswa. Linabaki juu ya matofali nyuma ya gereji, nyasi zikichomoza sakafuni, hadi wanunuzi wa chuma chakavu waje na mzani wao.

Tuanze na kununua. Tangu 2018 sheria imezuia kuingiza nchini gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo mtafute lililomo nchini tayari, na namba ya chesisi ilingane na ya logibuku, kitabu cha umiliki wa gari, kabla hujatoa hata shilingi. Kwa maoni yangu gari la kwanza liwe Datsun 1200 au Peugeot 504, kwa sababu nati zake ni za milimita na mafundi wake bado wapo. Datsun wana heshima yao hapa: Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda Safari Rally ya 1973 na Datsun 240Z. Lakini najua moyo ukishaipenda V8 ya Marekani, zile zinazoitwa magari ya misuli, hauambiliki. Basi iwe Ford Mustang ya miaka ya 1960, maana karibu kila kipande chake, kuanzia sakafu hadi mpira wa dirisha, bado kinatengenezwa kipya huko kwao.

Namba ya chesisi ya Mustang isome. Kwa gari la 1965, tarakimu ya kwanza, 5, ni mwaka. Herufi ya pili ni kiwanda. Tarakimu mbili zinazofuata ni aina ya bodi. Herufi ya tano ndiyo injini. T ni silinda sita, C ni V8 ya inchi za ujazo 289 yenye kabureta ya midomo miwili, A ni ya midomo minne, K ni ile yenye nguvu zaidi. Muuzaji akikuambia V8 na namba inasema T, ujue injini ilipandikizwa baadaye, na pengine breki na difu ni bado zile ndogo za silinda sita. Ishara iko wazi: gurudumu la silinda sita lina nati nne, la V8 lina tano.

Sasa kutu, ambayo ndiyo inayokula fedha kuliko injini. Nenda na sumaku iliyofungwa kitambaa, bisibisi na jagi la maji. Sumaku isiposhika, chini ya rangi kuna filla ya kujazia mabonde, si chuma. Bisibisi igonge sakafu ya mbele, kingo za chini ya milango, sakafu ya buti na reli za chini. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza au hutoboka. Jagi ni la matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele. Mimina maji taratibu, kisha inama uangalie miguuni pa dereva na pa abiria. Kwenye Mustang za kwanza, maji yakidondoka hapo, bomba la hewa la ndani limeoza, na kulifikia ni lazima utoboe alama za kuchomelea moja moja hadi bati lote la juu linyanyuke. Ukiweka sakafu mpya kabla ya kuziba hapo, mvua za Machi hadi Mei zitaioza tena.

Gari hili halina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Kwa hiyo ukikata sakafu na kingo za milango bila kuifunga kwanza kwa mabomba ya chuma ndani, litakunjika katikati kama mkate uliolowa. Acha milango ikiwa imefungwa mahali pake, pima nafasi kati ya mlango na bodi juu na chini, uandike ukutani. Kata upande mmoja, chomelea, pima tena, ndipo uhamie wa pili. Bati lake lina unene wa karibu milimita 0.9. Kuchomelea kwa umeme wa vijiti, kama wanavyofanya kwa mageti ya Katwe, kutalitoboa, na gesi italipasha hadi lijikunje. Tafuteni fundi mwenye MIG, mashine ya kuchomelea inayojilisha waya, na waya uwe wa milimita 0.6 au 0.8. Apige doti moja, aruke mkono mzima mbele, apige nyingine, arudi, bati lipate kupoa. Anayevuta mstari mrefu kwa mpigo mmoja anawatengenezea wimbi ambalo filla pekee ndiyo italificha.

Jambo linaloharibu magari haya zaidi hapa kwetu, tena kimya kimya, ni spana. Magari ya Marekani ya wakati huo ni ya inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7; spana 13 inaingia, inalegea kidogo, na ukikaza kwa nguvu inaila pembe. Ya 7/16 ni milimita 11.1, spana 11 haiingii, 12 inazunguka. Ya 3/4 inapatana na 19. Bolti zenyewe ni balaa zaidi. Ile ya 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, na bolti ya milimita 8 kutoka Kisekka, soko la vipuri la Kampala, inaonekana ndugu yake pacha. Inaingia mizunguko miwili mitatu, inakaza, fundi anadhani ni kutu, anaongeza nguvu, na uzi ndani ya bloku unakwenda. Uzi wa inchi una meno 18 kwa inchi, wa milimita una karibu 20. Seti moja ya spana na soketi za inchi, kuanzia 3/8 hadi 1, inunuliwe kabla ya kipande kingine chochote.

Kuvua gari kufanywe mfumo kwa mfumo: breki kwanza, zirudishwe, kisha mafuta, kisha umeme. Bolti za kila kipande ziingie kwenye mkebe wake wa maziwa ya unga, jina liandikwe kwenye mkebe na si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Piga picha kabla ya kufungua, wakati wa kufungua na baada. Kipande kibovu kisitupwe hadi kipya kifike na kulinganishwa nacho. Bearingi zina namba pembeni. Nenda Kisekka na namba, usiende na jina la gari. Ukisema Mustang watacheka. Ukisema LM11949, mwenye duka anajua unataka tundu la milimita 19.05.

Breki za Mustang hadi toleo la 1966 zina masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, ya njia moja. Hozi moja ikipasuka, pedali yote inashuka, magurudumu yote manne hayana kitu. Kwa mteremko wowote wa Kampala hilo halivumiliki. Weka masta ya njia mbili, ya mbele na ya nyuma, kama Ford wenyewe walivyofanya kuanzia toleo la 1967, na ubadilishe hozi zote tatu za mpira hata zikionekana nzima. Mdomo wa bomba la breki ukunjwe mara mbili kwa nyuzi 45. Mdomo wa kiputo wa magari ya Ulaya utavuja hapo.

Injini iliyolala miaka isipigwe stata. Toa plagi, tia mafuta mepesi kwenye kila silinda, ngoja siku tatu nne, kisha izungushe kwa mkono kwenye bolti ya krenki, shafti kuu ya injini. Ikizunguka, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda. Kipimo cha chini kabisa kisipungue robo tatu ya kile cha juu kabisa. Kikipungua, tia kijiko cha mafuta ndani ya silinda hiyo na upime tena: kikipanda ni ringi za pistoni, kisipopanda ni valvu au gasketi. Tangi la petroli lishushwe na kuoshwa, maana petroli ya zamani hugeuka gundi inayoziba kabureta kila baada ya kilomita tano.

Mpangilio wa moto wa 289, yaani zamu ya silinda kuwaka, ni 1-5-4-2-6-3-7-8, na silinda ya kwanza iko mbele upande wa kulia. Fundi aliyezoea V8 ya Range Rover, ambayo ni 1-8-4-3-6-5-7-2 na kuhesabiwa kuanzia kushoto, atapanga waya kwa mazoea na injini itapiga risasi kwenye kabureta. Ukiweka kamshafti mpya, ile shafti inayofungua valvu, toa distributa inayogawa moto kwa plagi, zungusha pampu ya oili kwa kijiti cha pembe sita cha robo inchi kwenye drili, kinyume cha saa, hadi oili ionekane juu kwenye rokka, vile vikono vinavyosukuma valvu. Ikiwaka tu, ishike kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20. Isiachwe ikinguruma polepole. Tapeti zake ni bapa na zinasugua kamshafti moja kwa moja, kwa hiyo zinahitaji oili yenye zinki ya kutosha. Oili nyingi za kisasa za magari madogo zimepunguziwa zinki, na kamshafti inaweza kulika siku hiyo hiyo.

Kuhusu rangi sina mengi. Iwe ya mwisho, siku kavu, na kombresa iwe na kichujio cha maji, la sivyo vipele vitatokea mvua ya kwanza. Usilifunike gari kwa turubai la plastiki. Linafuga unyevu chini yake kuliko kuliacha wazi kibandani.

Taa nazo zinasahauliwa. Taa za Marekani zinaelekea kulia, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo zinampofusha anayekuja. Za Mustang ni za duara, inchi 7, sawa na za Land Rover, na za Land Rover zilizotengenezwa kwa ajili ya kuendesha kushoto zinapatikana mjini.

Ombi langu kwako, Mhariri: chapisha jedwali la spana za inchi na milimita zake, kuanzia 3/8 hadi 1, kwa herufi kubwa, ili fundi alikate na kulibandika ukutani juu ya benchi.

Fundi wa bodi na injini,
Katwe, Kampala