Dawa uliyoniagiza sikuinunua

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Salamu kwako, kwa Mzee na kwa wote hapo Likoni. Sisi huku ni wazima, ila mvua imetushika na nguo hazikauki, leo siku ya tatu.

Ujumbe wako wa kuniagiza dawa ya presha ya chupa niliupata, na pesa nilizipokea. Jana nilishuka mjini mpaka pale karibu na Muthurwa ulipoelekezwa na jirani yako, na yule muuzaji nikamkuta. Ana meza, ana mwavuli, ana chupa zimejaa kitu cheusi kama kahawa ya juzi, na kibao kimeandikwa presha, sukari, pumu, mgongo, nguvu za kiume na kesi mahakamani. Nikamwuliza ndani mna miti gani. Akanijibu, "Mama, ni miti kumi na minne." Ipi? "Hiyo ni siri ya babu." Nikamwuliza, na mgonjwa ambaye tayari anatumia vidonge anywe kiasi gani? Akasema vidonge aviache, dawa mbili hazikai nyumba moja. Hapo nikafunga pochi nikarudi kwenye matatu. Usinune, pesa yako ipo, na nitakueleza nimeifanyia nini.

Najua utasema Nairobi imeniharibu. Siyo hivyo. Chupa kama ile niliwahi kuinunua mwenyewe, tena kwa mtu mwingine kabisa, ila nilikuficha kwa sababu ya aibu.

Unakumbuka mwaka juzi nilipokwambia nimeambiwa nina presha? Nilikuwa nimekwenda kupimwa macho tu, wakanifunga mkanda mkononi, ikasoma 168 kwa 102. Wakarudia, ni ileile. Nikapewa kidonge cha presha kiitwacho amlodipini. Presha ikaanza kushuka, lakini miguu ikavimba, jioni viatu havivuliki. Badala ya kurudi kliniki kusema, nikaenda kwa wa chupa. Nikaviacha vidonge, nikanywa yale machungu asubuhi na jioni wiki tatu. Na unajua nini? Miguu ikanywea! Nikawa natembea kama msichana, nikawasifia dawa hadi wanawake wa chama. Kumbe miguu ilinywea kwa sababu nilikuwa nimeacha kile kidonge. Kuvimba miguu ni jambo linalojulikana kwa amlodipini. Chupa ilipewa sifa ya bure. Siku niliyokwenda kupima ili niwaoneshe watu, ilisoma 182 kwa 110, nami sikuhisi chochote, hata kichwa hakikuniuma. Presha haikubishii hodi, Rehema. Inaharibu figo, moyo na mishipa ya ubongo huku wewe unapika mahamri.

Daktari hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliuliza tu, "Ndani mlikuwa na nini?" Sikuwa na jibu. Akaagiza nipimwe damu kuona figo zikoje, akanibadilishia dawa, akanipa losartani. Miguu haijavimba tena. Kumbe wiki zile tatu ningezimaliza kwa sentensi moja: daktari, miguu inavimba.

Sasa usinielewe vibaya kuhusu miti shamba. Wapo wanaosema mimea ni majani tu, haina kitu, na hao nawakatalia kuliko yule wa siri ya babu. Iko familia ya miti inaitwa rauvolfia. Wahindi wametumia mzizi wa mmoja wao kwa karne nyingi, na mwaka 1952 wanakemia wa Uswisi wakatoa humo kitu kinachoitwa reserpini, kikawa kidonge cha presha kilichotumika dunia nzima. Ndugu yake anaota huku kwetu Afrika Mashariki. Ndio msesewe, ambao Wachaga hutia gome lake kwenye mbege, pombe yao ya ndizi. Basi reserpini ilishusha presha kweli. Lakini iliziba watu pua, na wengine iliwatia huzuni nzito hadi wakashindwa kuinuka kitandani, ndiyo maana siku hizi si dawa ya kwanza kupewa mtu. Kwa hiyo akija mtu kuniambia mti wake una nguvu lakini hauna madhara, namwomba achague moja.

Ninachokunywa mimi ni rozela, yale maua makavu mekundu ambayo Wasudani huyaita karkade. Nanunua Eastleigh kwenye duka la viungo. Hii imejaribiwa kwa watu. Kuna utafiti wa Boston uliotoka 2010, watu 65 ambao presha yao ilikuwa imepanda kidogo, na hawakuwa kwenye dawa. Waliokunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, namba ya juu ilishuka kama 7. Waliopewa kinywaji cha kuigiza ilishuka kama 1. Saba si haba, lakini hesabu mwenyewe: ukitoa 7 kwenye 182 unabaki na nini? Mimi nilianza kuinywa nikiwa tayari kwenye vidonge, na nilimwambia daktari kwanza, kwa sababu mbili zikishusha pamoja unaweza kusimama ukaona kizunguzungu. Naiacha kwenye maji ya moto dakika kumi, bila sukari. Mdomo hukunjamana, utazoea.

Je, imenisaidia? Sasa nacheza kwenye 130 na kidogo. Lakini siwezi kuapa kuwa ni rozela, kwa maana wakati huohuo nilipunguza chumvi na kuacha vile vibonge vya kutia kwenye mchuzi. Hapa ndipo nina ugomvi nawe. Unatafuta miti kumi na minne Nairobi, na juu ya friji yako kuna ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, na achari ya maembe. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyojificha kwenye mkate. Kipande kimoja cha ng'onda kinakula sehemu kubwa ya hicho kijiko. Sisemi usile kabisa, nami ni wa Pwani, lakini iloweke, umwage maji, na iwe ya sikukuu.

Mengine ni ya haraka. Umeniandikia kwamba umepewa nifedipini. Basi lile balungi la nyuma ya jiko usiliguse, wala juisi yake: linafanya dawa hiyo izidi mwilini na presha ianguke kupita kiasi. Kitunguu saumu kwenye mchuzi hakina neno. Ila ile glasi ya saumu iliyosagwa unayompa Mzee kila asubuhi, mwulize daktari wake kabla hujampa tena, maana yeye yuko kwenye dawa ya kuifanya damu nyepesi na saumu nyingi huvuta upande huohuo.

Pesa yako nimeiongezea, nikanunua mashine ya kupimia, ya mkono wa juu, si ile ya kifundo. Iko ndani ya katoni pamoja na nusu kilo ya rozela na daftari. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, utulie dakika tano bila kuongea (hili litakushinda), ndipo upime. Asubuhi na jioni, uandike, hata namba ikiwa mbaya. Usipime mara tu baada ya kahawa wala baada ya kugombana na wajukuu.

Katoni nitaiweka kwenye basi la usiku la kesho. Nitakutumia namba ya risiti. Nikija Idi nitalikagua daftari. Na hayo mabalungi mpelekee jirani aliyekuelekeza kwa wa chupa, ila kwanza mwulize anatumia vidonge gani.

Wako,
Mama Baraka