Maandishi ya malori: rangi inasingiziwa

Mhariri,

Wenye malori wengi wa Changamwe na Jomvu husema siku hizi kwamba maandishi yanayopakwa kwa mkono kwenye malori hayadumu kwa kuwa rangi za sasa ni hafifu, basi heri stika. Sisi tunaoijua kazi hii tunaomba nafasi katika gazeti lako, kwa maana rangi inasingiziwa. Kinachoyaua maandishi hapa Mombasa ni chumvi iliyofunikwa chini yake, pamoja na haraka.

Upepo wetu hubeba chumvi, na bodi ya lori hupata utando hata ikionekana safi. Ukipiga msasa juu ya utando huo, unaisugulia chumvi ndani ya chuma; baada ya miezi rangi huvimba malengelenge. Bodi ioshwe kwanza kwa sabuni na maji matamu, si ya kisima cha chumvi, kisha ikauke kabisa. Ndipo msasa nambari 120 uondoe kutu, na praima nyekundu, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, ipakwe siku iyo hiyo, kwani chuma kikilala wazi usiku mmoja huamka na kutu mpya. Baadaye andakoti, yaani rangi ya kati, msasa laini wa 240, halafu rangi ya mafuta mikono miwili, yaani tabaka mbili, kila mkono ukipewa siku nzima kukauka. Bodi za mbao zina lao: vifundo hupakwa shelaki, aina ya vanishi ya kuviziba, la sivyo utomvu hupenya na kuacha madoa, na ncha za mbao zisisahaulike, maana maji ya masika huingilia huko.

Saa ya kazi nayo ni muhimu. Fundi huanza asubuhi umande ukishakauka, na huacha chuma kikishapata moto, kwa sababu rangi hushika ngozi kabla mstari haujaisha. Akiandika jioni, unyevu hutua juu ya rangi mbichi na mng'aro hupotea. Hapo mkebe hulaumiwa bure.

Kuandika kwenyewe huanza kwa kuhesabu. Tuseme ubavuni panatakiwa WEMA HAUOZI. Herufi nyingi hupewa nafasi moja, I nusu, M na W moja na nusu. Kisha hutafutwa katikati ya bodi na maneno kugawanywa kutoka hapo, yakikwepa nguzo za chuma na bawaba. Mistari miwili hupigwa kwa uzi uliopakwa chaki. Herufi O, C na S huvuka mistari hiyo kidogo juu na chini, la sivyo huonekana ndogo kuliko wenzake. Nafasi kati ya herufi hupimwa kwa jicho: A na V husogezwa karibu, H na N huachana. Anayetumia rula peke yake hupata neno lenye mapengo.

Brashi iwe bapa, yenye nywele ndefu laini. Baada ya kuchovya, hupapaswa juu ya kigae au kipande cha bati mpaka ncha ikae sawa, kisha huvutwa kutoka juu kwenda chini, mkono ukiegemea fimbo iliyofungwa kitambaa nchani. Rangi ikiwa nzito huzimuliwa kwa tapentaini kidogo. Thina ya rangi za kupuliza haifai: huichoma rangi ya chini, ikakunjamana. Manjano haifuniki vizuri, kwa hiyo herufi za manjano juu ya buluu hutangulizwa nyeupe.

Kivuli, yaani ukingo wa rangi nyingine unaopakwa kando ya herufi, ndicho kinachompambanua fundi. Huwekwa kushoto na chini, kwa kuwa herufi kama B, D, E, P na R zina mgongo ulionyooka upande huo, na kivuli hutoka safi. Mafundi wazuri huacha uzi mwembamba wa rangi ya bodi kati ya herufi na kivuli chake. Pengo hilo huzuia rangi mbili zisigusane, na ukiwa mbali herufi huonekana imeinuka.

Stika tunaikubali kwa wepesi wake. Lakini kingo zake huinuka kwa mashine za kuoshea, chumvi hupita chini, na ikibanduliwa huondoka na rangi. Tena si stika peke yake iliyopunguza kazi. Trela za kontena ni mifupa mitupu, hazina ubavu wa kuandikwa chochote. Kilichobaki ni mlango wa kichwa cha lori, penye jina la mwenyewe na uzito wa gari.

Ombi letu ni kwa vyuo vya ufundi vya kaunti: somo la rangi lijumuishe herufi, brashi na kivuli. Na mwenye bodi kuukuu ya mbao apige picha kabla ya kuikwangua. Ailowanishe kwa maji matamu, kwani rangi iliyopauka hurudi kuonekana kwa dakika chache, aweke rula pembeni ya herufi, apige ubavu mzima kwanza kisha kila neno kwa karibu, ili anayejifunza aweze kupima upana wa mstari na wa kivuli.

Mafundi wa maandishi,
Changamwe, Mombasa