Shukrani kwa kaka wa lori la mchanga, Kinyerezi

Natoa shukrani zangu hadharani kwa kaka mmoja, dereva wa lori la mchanga, aliyenisaidia saiti Kinyerezi. Aliondoka bila kutaja jina.

Kijiko changu kidogo, mtambo wa kuzolea kifusi, kilikuwa kigumu kuwaka asubuhi, na kikiwaka kinatoa moshi mweupe mzito. Nilishaambiwa injini ifunguliwe yote, gharama ambayo ingesimamisha kazi.

Kaka huyu aliunusa moshi, akasema ni dizeli isiyoungua. Ingekuwa oili, moshi ungekuwa wa bluu. Akafunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, akatuambia tupige stata. Mapovu yakapita, tukayaona wote. Akaufuata kwa vidole mpira unaotoka kwenye tangi hadi akakuta ufa mwembamba chini ya klipu, ndipo upepo ulipokuwa unaingia. Akafunga mpira mpya, akalegeza skrubu ya filta na kupampu kwa mkono mpaka dizeli ikatoka bila povu. Kisha akapima plagi za kupasha moto injini kabla haijawaka, kwa taa ya tesita: mbili zilikuwa zimekufa. Tukafuata mpya kwenye maduka ya vipuri mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam.

Alimkataza pia opareta wangu kupulizia dawa ya kuwashia kwenye injini yenye plagi hizo, maana inaweza kulipuka na kuharibu pistoni. Hilo wengi hatuambiwi.

Hela alikataa, akapokea bei ya mpira tu.

Mafundi na madereva wenye ujuzi, mkipita saiti mkaona mwenzenu amekwama, simameni mtazame. Na anayemfahamu kaka huyu amfikishie salamu zangu, Mungu amzidishie.