Karatasi ya yule mama

London, Jumapili usiku

Kwako somo yangu,

Salamu nyingi, na baada ya salamu ni pole. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza ilikuwaje yule mama, mgonjwa wako wa ini, ambaye kila asubuhi daktari wa zamu alisema majibu yake ya damu "yanashuka vizuri", akafariki siku ya nne. Ngoja nikusimulie kijana wetu wa jino, jibu limo humo.

Jino lilimuuma, miadi ya daktari wa meno ikawa mbali, basi akawa anabugia panadoli, na juu yake dawa ya mafua asiyojua kuwa nayo ina panadoli ndani. Siku nne hivyo. Aliletwa anatapika, macho ya manjano, ALT, kile kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu, imepita 9,000. Kesho yake 5,000, keshokutwa 2,000. Dada yake akamshukuru Mungu. Mimi nikajifanya narekebisha dripu.

Maana vimeng'enya vile, somo, havipimi kazi ya ini. Ni vifusi. Seli zinapokufa humwagika kwenye damu. Vikipungua, huenda ini limetulia, na huenda pia hakuna kilichobaki cha kufa. Karatasi haikwambii ni lipi. Kazi yenyewe utaiona kwenye kuganda kwa damu, kwa sababu protini za kugandisha hutengenezwa na ini na hazidumu: ile ya namba saba hupungua nusu ndani ya saa sita hivi. Ini likigoma leo, INR, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, inapanda leo. ALT ya kijana ilipokuwa ikishuka, INR ilitoka 3 ikafika 5.8.

Dada mtu akaniuliza kwa nini hatumpi plazma, yale majimaji ya damu ya mtu mwingine, damu igande. Swali zuri. Ukimpa, INR inashuka, lakini hiyo ni kazi ya ini la mtu mwingine uliyomwekea mshipani, na kipimo chako umekiharibu. Kama havuji damu, tunamwacha. Kukaa na namba mbaya bila kuigusa ni kazi ngumu kuliko kutundika chupa, nakwambia.

Kuamua nani anahitaji ini jipya, hapa wanafuata vigezo vya King's College Hospital vya 1989, vilivyotokana na wagonjwa 588. Kwa ini lililoharibiwa na panadoli, pH ya damu ya ateri, yaani kipimo cha asidi, ikiwa chini ya 7.3 hata baada ya maji ya kutosha, hiyo peke yake inatosha kumtaja mtu kwa upandikizaji. La sivyo yakutane matatu: INR zaidi ya 6.5, kreatinini, taka inayotolewa na figo, zaidi ya 300, na akili kuvurugika daraja la tatu au la nne, yaani usingizi mzito, au kuamka bila kujua yuko wapi. Baadaye wakaongeza lakteti, asidi inayojaa kwenye damu ini likishindwa kuisafisha. Wafaransa wao huipa uzito protini ya kugandisha namba tano, pamoja na umri.

Usiku ule wapasuaji walipiga simu mara mbili. Ini la panadoli, likinusurika, huota upya kabisa. Ukiwahi kulitoa umemfunga kijana na vidonge vya kuzuia mwili usilikatae ini jipya, maisha yake yote, kwa bure. Ukichelewa, ubongo unavimba na hata ini jipya halitamsaidia. Kwa hiyo kila saa nilimpima sukari, nikamwuliza jina lake na siku ya leo, nikaandika. Dawa ya kuondoa sumu haikukatika hata dakika. Saa kumi na moja alfajiri lakteti ilikuwa imeshuka. INR ikarudi 4.9, jioni 3.6. Kesho yake akaniomba chaja ya simu.

Sasa turudi kwa yule mama, mgonjwa wako. Umeniandikia kwamba kitendanishi cha INR, ile dawa ya kupimia, kiliisha tangu mwezi uliopita, na kwamba siku ya tatu alianza kumwita binti yake kwa jina la dada yake marehemu, sukari ikawa inaanguka. Hayo ndiyo yalikuwa majibu yenyewe. Uliyaona wewe, ukayasema, ukaonyeshwa karatasi ya ALT.

Niko zamu ya usiku hadi Alhamisi. Usingizi ukikataa, nipigie, nitakuwa macho.

Somo yako