Barua kwa akina baba wapya wa Kadutu

Wanangu,

Majirani wamekuja na sombe, wamekuja na sabuni, wamewaita Baba Fulani hadi mkavimba vichwa. Sasa wamerudi kwao. Nasema na ninyi, si na mabibi zenu, wake zenu waliojifungua. Wao wameshaambiwa mengi na kila mama mwenye kinywa.

Kwanza, ile mbabula, jiko la makala. Bukavu ina baridi, hasa mvua ikishuka usiku, na sisi wamama wa rika langu ndio tuliofundisha kufunga dirisha na kuweka makala chumbani ili mzazi apate joto. Tulikosea. Mimi mwenyewe nilimfanyia hivyo mkamwana wangu. Alfajiri tulimkuta anatapika, kichwa kinamgonga, mtoto amelegea. Tukadhani malaria, kumbe ni sumu ya makala, ile isiyoonekana wala kunuka. Tuliwahi kuwatoa nje. Basi mbabula ikae nje. Mtoto apate joto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kitenge juu. Nawe pia una kifua: bibi yako akilala, mbebe hivyo hivyo. Wanaocheka wacheke.

Maji nayo. Mlima wetu mnaujua. Bidoni ya lita 20 ni yako hadi wiki 6 zipite, zaidi sana kama bibi yako alipasuliwa kuzaa. Mama yako akisema unamdekeza, itika "ndiyo mama", kisha chukua bidoni.

Kitovu kiachwe kisafi na kikavu. Si mawese, si majivu. Maziwa ya kwanza, yale ya manjano, mtoto anyonye yote. Maji hapewi mpaka miezi 6.

Usiku ndio zamu yako hasa. Shika dalili hizi za hatari. Kitambaa cha damu cha mama kikilowa chote kabla dakika 60 hazijaisha. Mama akiwa na homa, degedege, au kichwa kikali na macho yanaona ukungu. Mtoto akikataa ziwa, akiwa wa moto au wa baridi, au akipumua mara 60 na zaidi kwa dakika huku ametulia: msingoje kuche, nendeni maternite, kule wanakozalisha. Uwe na namba ya motari, mwenye pikipiki ya abiria, anayekubali kupanda kwenu usiku, na hela yake kando, hata ikibidi itoke kwenye ya bia.

Na bibi yako akilia bila sababu, keti naye. Kilio kikipita wiki 2, usimwite mvivu, usitafute mchawi. Mpeleke maternite, umwambie muuguzi mwenyewe, maana bibi yako atasema yuko mzima.

Mama yenu wa Kadutu