Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mapenzi ya Kazi na Mfuko wa Fundi

Ndugu wanachama,

Mahesabu ya mwaka atawasomea mweka hazina, na habari za banda la kukaushia mbao anazo katibu. Mimi naomba nizungumzie jambo ambalo kamati imelirudia karibu kila ilipokaa: kwa nini baadhi ya mafundi seremala hodari kuliko wote hapa Keko, Dar es Salaam, ndio wanaodaiwa zaidi.

Si uvivu. Tunawaona usiku wakipiga msasa kabati ambalo mteja alisharidhika nalo mchana. Mninga ukishapanda benchi, bei inasahaulika, siku ya kukabidhi nayo inasahaulika. Kwenye semina yetu mkufunzi alitueleza kazi ya mwaka 2009 ya Melissa Cardon, mtafiti wa ujasiriamali, na wenzake. Wao wanasema mjasiriamali hujiona kwa namna tatu: mbunifu wa vitu vipya, mwanzilishi wa biashara, au mkuzaji wake. Pale anapojiona ndipo mapenzi yake yanapoelekea, na juhudi hufuata huko huko. Tulipoulizwa nani yuko wapi, mikono mingi ilinyooshwa kwenye ubunifu. Kwenye ukuzaji ilikuwa michache, tena ya kusitasita.

Nadhani tumejiletea wenyewe. Hapa kwetu, anayeshika daftari na kumpigia simu mteja aliyetoa advansi akanyamaza huonekana si fundi kamili. Kijana mwenye mkono mzuri anaiga dharau hiyo mapema, na mwenzake anayejua kuuza anaona haya kusema.

Tulielezwa pia kuhusu Robert Vallerand, mwanasaikolojia wa Kanada. Mwaka 2003 yeye na wenzake walitenganisha mapenzi ya kazi ya aina mbili: yale unayoyamiliki, yakapatana na familia yako na mambo yako mengine, na yale yanayokumiliki wewe. Mwenye mapenzi ya aina hii ya pili, kazi yake ikikosolewa, ni kama amekosolewa yeye. Migogoro na wateja tuliyoisuluhisha mwaka huu mingi ilianzia hapo: mteja anasema mlango haufungi, fundi anasikia tusi. Naitoa ile ya mbao mbichi. Kumuuzia mtu kitanda cha mbao isiyokauka ni wizi, na kamati haitamtetea yeyote.

Hatuwaambii mpunguze mapenzi ya kazi. Fenicha za MDF, yaani mbao za kiwandani za nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi, zinazoshuka kwa makontena hatuziwezi kwa bei. Mteja anatufuata kwa sababu ya mkono wetu. Ila anayependa kuchonga halazimiki kupenda mahesabu, mradi yupo mtu karakana ile ile anayeyapenda na anaheshimiwa kwa hilo. Mwanachama mmoja amemkabidhi mkewe simu na daftari, na siku hizi oda zake zinatoka kwa tarehe. Wengine wawili wameungana: mmoja benchi, mmoja wateja. Mwanzoni waligombana sana kuhusu bei, na bado wako pamoja.

Katiba yetu inataka kila mwanachama awe anafanya kazi ya mbao kwa mikono yake. Kamati inapendekeza kifungu hicho kibadilishwe ili anayesimamia mauzo au hesabu za karakana ya mwanachama naye apokelewe, akiwa na haki kamili ya kupiga kura na kugombea uongozi. Najua wapo wasiolipenda, nao watapewa nafasi ya kuzungumza. Maneno ya kifungu kipya yamebandikwa mlangoni mwa ofisi. Kura tutapiga baada ya chakula.

Mwenyekiti