Barua ya wazi kwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi: Bwana, uliuliza?

Mheshimiwa,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakufikia, maana zile mbili za mwanzo nadhani zilizama Kilindini.

Mimi ni mstaafu wa bandari, karani wa tali wa zamani, yaani mhesabu shehena za meli, mkazi wa Likoni. Sehemu ya kiinua mgongo changu niliitia katika hisa za kampuni ambayo wewe ni mkurugenzi wake. Hesabu sikuzisoma. Nilisoma majina: lako wewe, uliyeshika vyeo vikubwa serikalini bila doa, na la wakaguzi wenye afisi dunia nzima. Nikamwambia mke wangu, watu kama hawa hawatii sahihi ovyo.

Ijumaa iliyopita, magharibi, watu wameshafunga maduka, mkatutangazia kwamba faida ya miaka miwili "imerekebishwa". Neno zuri hilo. Faida imegeuka hasara, na mgao niliokuwa nikinunulia dawa za presha ndio huo umekwenda.

Sasa nimesoma, ukurasa kwa ukurasa, kwa miwani ya kuazima. Mauzo ya Januari yaliandikwa Desemba. Malori yaliyokuwa yakihesabiwa kuchakaa kwa miaka mitano yakapewa minane, ili gharama ya kila mwaka ionekane ndogo. Fedha za kutengea madeni yasiyolipika zikapunguzwa mwaka uleule wateja walipoacha kulipa. Faida ikawa inapanda kidogo kidogo kama ngazi, na pesa taslimu zinashuka. Sisi makarani hatukuwa tukiandika kontena limeshushwa ilhali meli iko nje inangoja gati.

Mengine nabahatisha. Nadhani bonasi za wakubwa zilifungwa kwenye faida. Nadhani wakaguzi, wanaolipwa pia kwa ushauri, walichelea kumuudhi mlipaji. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika Desemba 2001, mwaka 2000 iliwalipa wakaguzi wake, Arthur Andersen, dola milioni 25 kwa ukaguzi na milioni 27 kwa kazi nyingine. Na mwenyekiti wa kamati yake ya ukaguzi alikuwa profesa wa uhasibu wa Stanford! Hapa kwetu, Aprili 2016, Chase Bank ilitoa hesabu zake upya, na mara ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyokwama. Kwa hivyo tafadhali usinijibu kwa wasifu wako.

Mwaka jana, kwenye mkutano wa wenye hisa, mama mmoja aliuliza pesa taslimu ziko wapi. Ukamwambia, kwa upole wako ule, kwamba maadamu uko kwenye kamati, alale usingizi. Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Nilitaka kudai mengi: wakaguzi wabadilishwe, bonasi zirudishwe, mkutano mkuu ufanywe ana kwa ana, si wa simu ambako tukianza kuuliza sauti zinakatwa. Hayo nayaacha, ingawa hilo la bonasi linaniwasha. Naomba moja tu. Siku wakaguzi walipokaa mbele yako, uliwauliza kwa nini faida inapanda na pesa hazionekani? Kama uliuliza, walikujibu nini? Kama hukuuliza, sema hukuuliza. Lakini jibu, Bwana. Uliuliza?

Binti yangu anadaiwa ada ya chuo, na wakala ananiambia hisa zangu zote kwa bei ya leo hazifiki nusu yake.

Nangoja jibu kwa maandishi, na jina lako chini yake. Langu liko hapa, na barua nimeisoma yote kabla ya kutia sahihi.

Mwenye hisa, Likoni